Kisogo

Kaka yangu Mihambo alianza na kuku.
Kuku mwekundu, ukutani mwa hoteli ya Bi Nyamizi, Isevya,
mguu mmoja mrefu kuliko mwenziwe,
na chini yake: SUPU IPO.
Mimi nilishika ngazi. Nilikuwa na miaka tisa,
na tone lililonidondokea utosini
liliganda hapo mpaka Idi.

Baada ya kuku, vichwa vya kinyozi:
sita kwenye ubao mmoja, kila kimoja na namba yake,
vyote vimekodoa mbele kama vya pasipoti.
Mtu anaingia, anasema, "Ninyoe namba nne."
Siku moja mteja akauliza,
"Na huku nyuma kukoje?"
Wakacheka. Mihambo hakucheka.
Jioni nilimkuta ameugeuza ubao,
anautazama mgongo wake mtupu
kama mtu aliyedondosha ufunguo.

Miaka ikapita.
Rangi za mafuta zikaanza kuja na treni kutoka Dar,
zimechelewa siku mbili, vifuniko vimevimba kwa joto.
Akachora stesheni saa tisa usiku,
abiria wamelalia mizigo yao, mmoja kakumbatia ndoo.
Akachora vumbi la Septemba, rangi ya chai iliyokosa maziwa.
Stesheni ikanunuliwa na wageni wawili.
Tukaezeka.

Kisha mama akafariki,
mwaka ule mvua ilipokawia hadi Januari.
Picha yake ilikuwa moja tu, ya kadi ya kura,
ndogo kama ukucha wa dole gumba.
Mihambo akamchora mara saba.
Majirani wakasema, "Ni yeye mtupu!"
"Ni yeye," nikamwambia kaka tulipobaki wawili,
"lakini mtu huyu simjui."

Akajibu, "Hata mimi."

Sisi tulimjua mama kwa nyuma.
Alilima karanga tukiwa mgongoni, kwa zamu, miaka minne minne,
shavu limelala katikati ya mabega,
macho kwenye mfereji wa shingo ambako jasho lilipitia,
kwenye vinywele vilivyokataa kusukwa,
kwenye kovu la nyuki wa Sikonge.
Uso wake ulikuwa wa watu wengine.

Akaenda Kanyenye kwa fundi vitanda,
akarudi na gogo la mninga lililokataliwa kwa sababu ya ufa.
Brashi akazitia kwenye kopo. Patasi akaazima.
"Rangi ukikosea, unaongeza," aliniambia.
"Mti ukikosea, umekosea."
Na akakosea.
Gogo la kwanza tulilipikia maharage,
sikio la mama likawaka taratibu, likanukia vizuri.
La pili likawa kigoda.
La tatu alilichonga usiku umeme ukiwa umekatika,
akipapasa kwa kidole gumba,
akikata, akipapasa,
nami nikisikia kutoka chumbani
kh, kh, kh,
kama mama anayeparua sufuria asituamshe.

Asubuhi nilikuta mabega. Shingo. Mfereji.
Kovu alilichimba kwa ncha ya msumari.
Mbele hakugusa kitu, aliacha gome.
Sikusema neno. Nilikwenda kuteka maji
na nikasahau ndoo.

Mwaka jana alikuja mnunuzi kutoka Dodoma,
akaizunguka mara tatu, kofia mkononi.
"Uso uko wapi?"
"Waulize waliobebwa mbele," Mihambo akasema,
na bei hakuitaja.

Kuku wa Isevya bado yupo, amepauka.
Juzi nilipita pale nikamkuta kaka amepiga magoti,
mvi zimejaa unga wa plasta,
patasi mkononi, kopo la rangi nyekundu pembeni,
anamchimbia kuku mguu ule mfupi
polepole, ufike chini.
"Shika ngazi," akaniambia.
Ngazi haikuwepo.
Nikashika ukuta.